Shabiki wa Kweli

Nina maoni yangu, na sikuyaokota.
Miaka kumi na minne nimelipa mlangoni
kwa Bugalama, Igogo, banda la mabati na turubai,
mia tatu, baadaye mia tano,
na Ijumaa za kutisha, saa tatu usiku, sijakosa
ila wiki ile niliyojifungua.

La kwanza: damu nyingi ni uvivu.
Ndoo ya rangi humwagwa na yeyote.
Nipe mlango ulioachwa wazi kidogo,
nipe mama anaosha vyombo, ametugeuzia mgongo,
na maji yanakatika kabla hajagusa bomba.
Hapo vinyweleo vyangu husimama
kama nyasi za Saanane upepo ukipita.

Jini asionekane mapema.
Akishaonekana ni mtu aliyevaa mpira usoni,
unauona hadi mshono wa shingo,
unaanza kumhurumia kwa joto.

Mbwa asife. Hili silijadili.

Na sehemu ya pili ya ule mkanda
wa cherehani inayoshona yenyewe usiku
ni bora kuliko ya kwanza.
Nchenga alinirushia maganda ya karanga kwa hilo.

Sasa hao wa benchi la mbele:
Nchenga, Mashauri, na yule wa Mabatini tumwitaye Profesa.
Wanajiita mashabiki wa kweli.
Mgeni akija wanamhoji kama maafisa uhamiaji,
taja tano za kabla hujazaliwa,
nani alikufa wa tatu, na kwa chombo gani.
Binti mmoja wa chuo, Nyamizi, alifumba macho
kabati lilipofunguka.
Walimwiga mwezi mzima,
wakimzomea akipita Mlango Mmoja na madaftari yake.
Hakurudi tena. Nami nasema
aliyeogopa ndiye aliyeutazama mkanda.
Wao walikuwa wanatazamana.

Ijumaa iliyopita visubi walitoka ziwani,
wingu zima, wakaingia kwenye mwanga wa projekta,
ukuta ukawa unatambaa.
Mkanda wenyewe: bibi kizee mwisho wa kijiji,
macho mekundu, na vijana wenye mienge
ambao mtunzi anataka tuwashangilie.
Benchi la mbele lilishangilia.

Nikasema, wala si kwa sauti kubwa,
kwa nini kila mara ni bibi?
Nikasema, bibi yangu Kwandu, kule Misungwi,
alikuwa na macho hayo hayo.
Alipikia samadi kavu miaka hamsini
ndani ya nyumba isiyo na dirisha.
Ni moshi, jamani. Moshi tu.

"Si shabiki huyo!"
"Mtoeni!"
Mtoeni, wakadaka wengine, hata wasiojua nimesema nini.
Mtu akanimulika usoni kwa tochi ya simu.

Mimi ni mjuzi wa vya kutisha.
Naijua sauti inayoanza na mmoja,
ikaokota wa pili, ikaokota wa kumi,
mpaka ikakosa mwenyewe.
Nilikuwa na miaka saba, chini ya kitanda cha kamba,
nilipoisikia ikipanda njia ya shamba la mihogo.
Hapakuwa na muziki wa kututahadharisha.

Sikutoka.
Bugalama alizima jenereta.
Giza, visubi masikioni, harufu ya dizeli.
Akasema anayetaka kumtoa mtu aanze kutoka yeye.
Hakutoka mtu. Wala hakuna aliyeomba radhi.
Tulitazama hadi mwisho, bibi akachomwa,
wakapiga makofi, machache kidogo kuliko kawaida,
au ndivyo ninavyopenda kukumbuka.

Kesho kutwa ni Ijumaa. Nitakwenda.
Nimemwambia Nyamizi aje, kiingilio juu yangu,
afumbe macho atakapo, nitamnong'oneza kinachotokea.

Na ile ya pili ya cherehani
bado ni bora kuliko ya kwanza.