Sweta la Molo

Mama Swabra kapita barazani, kaniona,
kasimama na kapu lake la dagaa:
"We Bi Mgeni, sufu? Na kaskazi hii? Waumwa?"
Feni inageuza hewa kama mtu akorogaye uji wa jana,
jasho lanitambaa mgongoni mpaka kwenye fundo la leso,
na mapajani nimelaza sweta la buluu, zito,
kama paka wa jirani asiyejua kwamba hatakiwi.

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Ukihesabu vitanzi husemi;
ukisema, thelathini na nane huwa arubaini na moja,
na mkono wa mtoto ukawa mguu wa suruali.

Uzi niliupata Barabara ya Biashara,
madonge sita, la saba hapana.
"Rangi hii ndiyo mwisho," kasema kijana wa duka akipangusa vumbi,
"nani Mombasa anunua sufu, mama?"
Mimi. Mimi na wenye ndugu bara.

Sindano zangu za kwanza zilikuwa njiti za baiskeli.
Mama alizisugua sakafuni mpaka ncha zikalainika,
mbili zangu, mbili za Mwanarusi,
akafumua sweta la shule la kaka, lililotoboka viwiko,
uzi ukatoka umejikunja, kama nywele zilizofumuliwa mabutu,
akatugawia nusu kwa nusu.
Baada ya wiki akazitandika kazi zetu kitandani:
"Tumbo ni moja, lakini tazama.
Huyu avuta. Huyu aachia."
Kazi ya Mwanarusi ilisimama yenyewe kama jamvi.
Yangu ilipitisha upepo.

Mwanarusi akaolewa Molo,
huko ambako maji ya pipa, asubuhi, huvaa kioo.

Walifika Ijumaa na gunia la viazi:
yeye, binti yake, na mjukuu, Wamaitha,
niliyemkadiria kwa picha ya simu.
Picha haina mabega.
Nilipomvisha, mikono iliishia juu kabisa ya kifundo,
naye kasimama katikati ya joto lote la Majengo,
uso unang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa,
hataki kulivua.
"Linanukia hapa," akasema.

Mwanarusi hakusema neno. Alipitisha kidole
kwenye mgongo wa sweta, polepole, kikasimama mahali.
Namjua dada yangu. Kidole chake kikisimama, kimeona.
"Chai yako inapoa," akaniambia.

Usiku stima zikapotea. Tukalala sebuleni,
milango wazi, watu sita mikekani,
viazi vya Molo vikinuka udongo wake pembeni.
Katikati ya usingizi nikasikia tik, tik, tik;
nikadhani ni mjusi, nikageukia upande wa pili.

Asubuhi sweta lilikuwa juu ya kochi, limekunjwa.
Mikono imeongezeka vidole vinne, rangi ya kahawia.
Nikatafuta uzi ule umetoka wapi,
nikaliona shali lake, lile alilojifunika safarini,
limebaki nusu.
Pale kidole kiliposimama,
kitanzi nilichokiangusha kimefungwa fundo dogo, basi.
Hakunifumulia hata mstari.
Lakini penye mpaka wa buluu na kahawia
hata kipofu angejua kwamba mikono imebadilika.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi.
"Umevuta sana," nikamwambia.
"Nawe umeachia," akasema, bila kugeuka,
na ganda la kiazi likashuka refu, halikukatika.

Jumatatu wakaondoka. Wamaitha kalivaa hadi steshoni,
jua la saa tatu lote juu yake.
Mama Swabra kasimama na kapu lake:
"Na huyu naye?"

Nusu ya shali ameniachia, juu ya mto, bila maelezo.
Ina joto.
Sijui nitaifanyia nini Mombasa.