Marahaba ya Volti Tano

Ubongo wa kwanza niliuua Jumatatu.
Wa pili Jumatano, kabla ya adhuhuri.
Harufu yake hung'ang'ania shati: kucha iliyoungua,
na elfu kumi na nane za Bi Sikudhani
aliyenisubiri Chanika na mayai mia tatu
ndani ya sanduku lisilojua tena joto lake.
Usiku aliyafunika kwa khanga na jiko la mkaa pembeni,
akiamka kila saa kuyagusa kwa shavu.

Mashine ni ya zamani. Kipimajoto chake husema kwa volti tano,
kama watu waliozoea kuongea wakiwa ng'ambo ya barabara.
Ubongo nilionunua Mtaa wa Aggrey
ni wa tatu nukta tatu: mwepesi, mjanja,
na ukipigiwa kelele unakufa bila kulalamika.

Waya ni waya, nilisema.

Fulgence, Mkunguni, orofa ya tatu
(lifti imekufa tangu mfungo wa mwaka juzi),
hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.
"Shikamoo," akasema, "si shika koo."

Akachora nyuma ya risiti ya Luku:
nyaya mbili, moja ya maneno, moja ya mapigo.
"Kwenye njia hii hakuna anayesukuma juu.
Wote wakinyamaza, waya husimama.
Rezista ndiyo inayouinua, taratibu,
kama mkono chini ya kwapa la mgonjwa.
Anayetaka kusema, anainama.
Kusema kote ni kuinama."

Kisha, kwa koleo, akanionyesha transista,
ndogo kuliko punje ya mtama, yenye miguu mitatu:
mmoja kwa wadogo, mmoja kwa wakubwa,
wa tatu umefungwa kwenye tatu nukta tatu, haubanduki.
Pakiwa kimya, mlango umefungwa.
Huku tatu nukta tatu, kule tano,
kila nyumba na paa lake.
Mdogo akiinama, mlango unafunguka
na waya wa wakubwa unashuka naye.

"Na mkubwa akianza yeye?"

"Hupita uani kwanza. Mna daiodi humo ndani,
hukuinunua, imezaliwa nayo.
Akishapenya, mlango wa mbele unafunguka wenyewe."

Nikauliza wanakutana wapi, basi, hawa wawili.
"Chini," akasema. "Unganisha ethi kabla ya yote.
Juu kila mtu ana juu yake.
Sifuri ni moja. Hakuna sifuri ya tajiri."

Nililipa mia tano kwa kila transista, nne kwa mbili za akiba.
Chanika umeme ulikuwa umekatika. Nikasubiri
na chuma cha kulehemu kilichopoa mkononi,
Bi Sikudhani akimenya viazi, hatuzungumzi.

Uliporudi, saa kumi na mbili kasoro,
nilipiga hodi kwa namba ya kipimajoto.
Mapigo manane yakapita, nikayahesabu kwenye skrini.
La tisa,
waya ukainama, toka upande wa volti tano,
mpole, mpaka chini,
na ubongo wangu wa tatu ukabaki hai.

Fulgence, kwenye simu, huku mtu akikata bati nyuma yake:
"Hiyo ndiyo marahaba yenyewe."

Thelathini na nne nukta moja.
Thelathini na sita.
Thelathini na saba nukta sita, ikatulia.

Mayai sitini na moja hayakuanguliwa.
Nimeyaandika kwenye daftari, jina langu mbele yake.
Bi Sikudhani hakuuliza transista ni nini.
Aliweka kifaranga kimoja, bado kibichi, kiganjani mwangu,
akauliza kama hicho kidude
kinakula umeme mwingi.