Hesabu ya Mfuaji

Gongoni wanamjua Thoya kwa mguu wa kushoto.
Mimi namjua kwa madoa.

Miaka minane nilifua jezi namba kumi na moja
katika beseni la bluu lenye ufa niliouziba kwa lami,
kwa maji ya hapa, ambamo sabuni haitoi povu mpaka ibembelezwe,
na hakuna mechi aliyokuja kunisimulia
ambayo sikuwa nimekwisha kuisoma kitambaani.
Udongo mwekundu: wametoka Marafa,
na Marafa mgeni haondoki akiwa wima.
Weupe unaokwaruza: wamecheza nyumbani,
nyuma ya mashamba ya chumvi,
pale pale alipokuwa akikwangua tangu alfajiri
ndipo akafunga kamba za viatu.
Damu kwenye ukosi: refa alikuwa shemeji ya mtu.

Kijani nilikiona mara moja.
Mombasa walimwita siku mbili, majaribio.
Aliazima viatu vya Mwaringa, vikubwa,
akavishindilia sufi ya mto tuliolalia.
Aliporudi hakusema neno. Mto nao ulikuwa umekonda.
Lakini kwenye upindo wa jezi palikuwa na doa la nyasi,
nyasi ya kumwagiliwa, pana kama kiganja cha mtoto.
Jiki ilikuwepo. Sikulitoa.
"Tutakupigia," walimwambia.
Mwaka mzima simu ililala na chaji kamili.

Kisha siku ya Mambrui jezi ililetwa bila mwenyewe,
imekunjwa, safi.
Dakika ya tatu. Goti.
Nilijua kabla mtoto aliyeileta hajafungua mdomo.

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu.
Mwenyekiti hakuwa na pesa ya daktari;
alimtunza filimbi.

Jasho la kocha ni jingine. Halitoki mgongoni,
hutoka kwapani, kali, jasho la mtu aliyesimama pale pale
akitazama miguu ya wengine ikikosea.
Sasa nafua jezi kumi na sita, na mifukoni mwa suruali yake
naokota majina nyuma ya karatasi za unga:
Kitsao amekatwa, amerudishwa, amekatwa tena.
Usiku hupanga mabeki mkekani kwa vijiko vyangu,
na asubuhi nakorogea chai kidole cha mwiko.
Msimu wa pili walishuka daraja bila kufungwa.
Nauli ya Lamu haikupatikana,
Lamu wakachukua pointi za mezani.
Wiki hiyo beseni lilikaa kavu,
nikagundua lami imeanza kubanduka.

Msimu wa tano, mechi ya kupanda.
Namba kumi na moja ni Shekuwe, mtoto wa muuza mkaa,
mguu wa kushoto,
na goti limemvimba kama boga changa.
Mwenyekiti alikuja na mtu mwenye sindano.
Shekuwe mwenyewe alikuja uani kwetu
akampigia Thoya goti, lile zima.
Thoya alikuwa anakula. Akamaliza tonge.
"Kesho utakaa."
Sikuwahi kumwona akikata jina bila kalamu.

Walifungwa moja bila.
Usiku mawe yalitembea juu ya bati letu,
mimi nikihesabu, yeye akijifanya amelala.
Mpaka leo Shekuwe hupita hapa bila kusalimu.
Nimemtazama anavyopita. Hachechemei.

Jumatatu nilimwaga gunia la jezi uani:
matope, matope, damu, matope,
na chini kabisa ile moja,
imekunjwa, safi.
Nikaitumbukiza.

Thoya mlangoni, uzito wote kwenye mguu mmoja:
"Hiyo haikuvaliwa."
"Najua," nikasema. "Ongeza maji."