Silinda Moja

Raya, njoo uone. Nimetandaza michoro busatini,
nimeikandamiza kwa nati, feni isiipeperushe.
Mitatu. Nichague mmoja.
Miaka kumi na minane nafungua injini za watu:
mashine za kusaga za Konde,
pampu za mabonde ya mpunga,
jenereta zinazoletwa usiku kama wagonjwa,
na sijaunda hata moja nikasema hii yangu.

Huu wa kwanza kaniletea Asaa.
Silinda nane, zimeinamiana nne kwa nne
kama watu wanaosengenya.
"Fundi hasa haanzi na kidogo," kaniambia.
Asaa huyo, muuza vocha, hajashika tupa tangu azaliwe.
Nikakaa nikahesabu: pistoni nane, vali kumi na sita,
ringi nyembamba kama ukucha wa mtoto wa arubaini,
na kila kimoja na kosa lake.
Kosa moja nalimudu.
Makosa manane yakikutana
hujui nani kamchokoza nani.

Wa pili, mipigo miwili. Yai la bata, ukubwa wake.
Hauna vali, unavuta na kutoa kwa matundu ya ubavuni.
Aluminiamu ninayo, pistoni kuukuu za pikipiki,
nitaziyeyusha kwa mkaa na kipepeo cha baiskeli.
Ungekwisha kabla ya karafuu kuiva.
Lakini mlio wake, Raya! Nyigu ndani ya kopo.
Mizunguko elfu kumi kwa dakika,
na kinachokwenda hivyo hakionekani,
kinasikika tu.
Mimi nataka kuona.

Basi huu wa tatu.
Silinda moja, imelala.
Magurudumu mawili mazito, huku na huku.
Fito ya vali iko nje, uchi, unaiona ikisukuma.
Na huu hauwaki kila mara.
Unawaka, tu!
halafu unanyamaza,
magurudumu yanakwenda yenyewe, yanakwenda,
mpaka mwendo ulegee, ndipo uwake tena.

Ulikuwapo mmoja kama huu Kangagani,
mkubwa, wa kukamulia mafuta ya nazi, wa Mzee Mbarouk.
Nikitoka chuoni husimama dirishani nikahesabu ule ukimya.
Moja, mbili, tatu, hata saba,
tu!
Siku ukiwa na kazi nyingi hauniachii kufika tatu.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa waliniita niutengeneze.
Hili sijakwambia.
Nikakaza boliti za kichwa kama kijana anavyokaza,
mpaka chuma kikalia.
Ufa mwembamba, unywele.
Mzee akaupapasa kwa kidole, hakunitukana,
akanilipa nauli.
Ukauzwa kwa kilo. Chuma chakavu.
Ulipandishwa meli pale Mkoani pamoja na vitanda vya hospitali.

Raya kaipekua michoro, kavuta kanga begani.
"Na huu ukishakwisha utafanya nini?"
Hautafanya kitu.
"Hata nazi hautakuna?"
Hata nazi.
"Yaani mwaka mzima, kerezo linakula umeme, wateja wanangoja,
kwa dude la kukaa juu ya meza likinyamaza?"

Nikafungua mdomo, na umeme ukakatika.
Wete yote, giza.
Juu yetu feni ikaendelea,
haisukumwi na mtu, ikaendelea,
raundi, raundi,
tukaisikiliza wote wawili inavyolipa deni la mwendo wake
hata pangaboi la mwisho likasita.

Hivyo, nikasema. Pale katikati.

Hakujibu. Nikasikia kibiriti kinatafutwa.
Taa ilipowaka alikuwa kaushika mchoro wa tatu,
kidole kwenye gurudumu.
"Haya mawili utayapata wapi?"

Moja ninalo, nikasema,
la ile mashine ya barafu iliyokufa.
Na la pili...

Akaniangalia. Akaiangalia cherehani yake pembeni,
ile ya miguu, ya mamaake,
na gurudumu lake la chuma cha subu chini ya ubao.

"Thubutu," akasema.

Lakini mchoro hakuuweka chini.