Kahawia wa Babu

Raundi ya nne hatukuwa na pesa.
Bastola tano, kopo moja la moshi,
na Temuulen akinong'ona kwenye kinasa sauti:
"Msinunue kitu. Tutakula kwao."

Hapa ni chini ya ardhi, Ulaanbaatar, Januari.
Juu yetu kuna baridi ya kupasua chupa
na moshi wa makaa ulioteremka hadi ngazini.
Humu kompyuta thelathini zinapumua joto,
mama mwenye ukumbi anauza maandazi ya nyama,
nasi tumechanga noti zilizokunjamana
tukapata saa mbili.
Nyuma ya ukuta wa mbao wamekaa wao,
watoto wa maghorofa,
vipanya vyao vikimeremeta kama vya harusi.

Kanuni ya Temuulen ni fupi.
Mtu akianguka, usimtazame yeye,
tazama alichoangusha.
Usiokote kwa tamaa. Hesabu risasi,
maana bunduki ya marehemu haikwambii
alikwisha kufyatua mara ngapi.
Na ukiishika, nyamaza.
Iache iseme yenyewe.

Kwani kila upande una sauti yake.
Zetu hukohoa kavu, mfululizo,
kama mgonjwa wa kifua usiku.
Zao hugonga nzito, moja moja,
kama mtu anayepigilia mlango misumari.
Mchezaji hodari hatazami, anasikiliza:
akisikia misumari kule ghalani
anasema moyoni, huyo wetu,
anageuza mgongo.

Mgongo huo ndio tuliouhitaji.

Nandin alimwangusha wa kwanza kwa bastola,
kwa bahati tu, alikiri baadaye,
mkono wa pili alikuwa anakuna pua.
Nikapita juu ya mwili, nikaokota.
Risasi kumi na tisa.
Na ubavuni, kwa herufi za njano
ambazo mwenyewe alizilipia pesa ya kweli,
jina: KAHAWIA WA BABU.

Nilijua ni farasi. Kwetu nani asingejua?
Bibi yangu alikuwa na wa kijivu
aliyekufa mwaka wa dzud,
kipupwe kile kilichokula mifugo kikabakiza kamba,
nasi tukafungasha hema tukaja kukaa kilimani,
pembeni mwa jiji.

Lakini saa ilikuwa inakimbia.
Nikafyatua tatu ukutani, kwa makusudi.
Misumari mitatu.
Nikasikia, si kwenye hedfoni, bali kupitia mbao,
mmoja wao akicheka: "Ganzorig bado yuko hai!"
Naye Ganzorig ameketi palepale, kaufumba mdomo,
kwa sababu sheria ya ukumbi ni moja:
maiti hasemi.

Wakageuka wawili. Kisha wa tatu.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Ile ilinisitiri mpaka kisigino.

Raundi tulishinda. Mechi tulishindwa,
kumi na tatu kwa tisa, sina haja ya kudanganya.
Bunduki moja ya kuokota haijengi nyumba,
na wao walikuwa na pesa hadi mwisho.

Ngazini, tukihangaika na vifungo vya makoti,
mtu akanishika bega.
Mfupi kuliko nilivyodhani, masikio mekundu.
Nikajiandaa kupigwa.

"Ni wewe uliyempanda?"
"Ni mimi."
"Huvuta kulia. Baada ya risasi ya tano."
"Niliona. Nikamlegezea hatamu."

Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu anayekagua kwato sokoni.
"Siku nyingine uombe kwanza," akasema,
akavuta kofia, akafungua mlango,
baridi ikaingia na kutujaza macho machozi.

"Nitakuombaje," nikapiga kelele, "na wewe umekufa?"

Lakini Ganzorig alikwisha geuza mgongo.