Vipande Kumi na Viwili

Pipa lilikuja Mbeya na mafuta ya alizeti,
likabaki Isyesye, uani kwangu, tupu,
likilia kila upepo wa Loleza ulipoligonga.
Nikaliteketeza ndani kutwa nzima
hadi rangi yake ya buluu ikabanduka kama ganda la kiazi.
Ambakisye, fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa,
akalikata mlango, akalitia bawaba za geti lililokufa,
sanduku la moto ubavu wa kushoto, bomba la moshi kulia,
akalipiga kofi mgongoni:
"Haya. Moto utajua mwenyewe pa kulala."

Moto ulijua. Ulilala kushoto.

Siku ya kipaimara cha Bupe
mbavu zilizokaa jirani na moto zikawa mkaa wa kuuza kwa debe,
na paja, kule chini ya bomba,
likatoka na damu yake yote, baridi
kama mguu wa mtoto aliyejifunua usiku wa Julai.
Saa sita za kuni. Nguruwe mmoja.
Wageni wakala katikati, kwa adabu.
Mchungaji akasifia kachumbari.

Nikanunua vipimajoto viwili.
Cha kushoto kikasema mia na themanini,
cha kulia tisini na tano.
Nikavihamisha, kimoja huku, kingine kule,
nikidhani kimojawapo ni kiongo.
Vikabadilishana maneno bila aibu.
Vyote vilikuwa vinasema kweli.

Subilaga, ambaye pipa hakulipenda tangu linaingia getini,
alitoka jikoni na mkate wa juzi.
Akapanga vipande juu ya wavu, kumi na viwili,
taratibu, kama anayegawa karata kwa watu asiowaamini.
"Funika. Njoo unywe chai."

Chai ya Tukuyu haina haraka.

Tulipofunua tukakuta ramani:
cheusi, cheusi, cheusi kinachofuka,
kisha rangi ya kahawa, rangi ya udongo wa barabarani,
rangi ya asali kidogo tu, katikati,
na mwisho vyeupe, vyeupe, kama vimetoka dukani sasa hivi.
Ila kimoja pembeni, karibu na bawaba,
kimeungua peke yake ugenini:
palikuwa na ufa, joto linatorokea hapo, mimi sijui.
Nimeota moto miaka arobaini na sita.
Umbo lake nililiona asubuhi ile.

Nikateremsha mdomo wa bomba hadi usawa wa wavu,
maana moshi ukifunguliwa mlango wa juu
hupita bila kuisalimia nyama.
Chini nikalaza bamba la chuma lenye matundu,
madogo kwa jirani wa moto, makubwa kwa walio mbali.
Ambakisye akacheka mpaka miwani ikamtoka:
"Unaugawa moto kwa kijiko?"
Naam, kwa kijiko.
Sufuria ya maji. Matofali manne ya kuchoma
yashike joto upepo ukibadili nia.
Ufa nikauziba kwa udongo wa kichuguu na majivu.
Kuni za mparachichi kutoka kwa shemeji, Kiwira,
zilizokauka kweli, si za kukaukia njiani,
na ziingie moja moja. Hilo ndilo lililonishinda zaidi,
mkono wangu umezoea kutupa mzigo.

Mkate wa pili: kahawia, kahawia, kahawia,
vipande kumi vya tumbo moja.
Viwili vya kulia bado vimepauka.
Nikashika nyundo.
"Weka nyundo," akasema Subilaga. "Hapo weka soseji."

Ramani ya kwanza niliipigilia ukutani, stoo,
kila kipande na msumari wake.
Panya wameshakula upande wa kulia wote.
Wa kushoto hawaugusi.