Vitenge vya Kuazima

Kinyago chenyewe hakikunipa shida.
Falolu alikichonga wiki tatu, mti ungali mbichi,
akakiweka cherehani utosini, na kifundi kimeinama,
maana mimi ni fundi wa nguo na Ketu yote hunicheka.
Uso akaupaka chokaa. Macho yamefumba nusu:
uso wa mwanamke aliyesikia tusi
akaamua kulijibu kesho.

Shida ni nguo.
Mwanamume hachezi Gelede kwa nguo zake.
Huazima, kilemba kwa huyu, kitenge kwa yule,
mpaka kiuno kinenepe kwa hisani ya wanawake.
Nami zamu yangu iliangukia kwa Iya Moladun,
muuza samaki wa moshi, ambaye mwaka jana,
sokoni, mbele za watu, nilimwita mchawi
kwa kuwa mwanangu alikuwa na homa
na sikuwa na mwingine wa kumlaumu.

Mtoto alipona. Neno halikupona.

Nilipiga hodi mara tatu.
Ya tatu akasema, "Nimesikia ya kwanza."
Akaingia ndani. Nikahesabu samaki wavuni: ishirini na wanane.
Akarudi na vitenge sita, amevikunja kama barua,
akanitupia mikononi. Hakusema karibu, hakusema nenda.

Alasiri ngoma nne zikaanza kugombana.
Ndani ya kinyago huoni watu. Unaona kipande cha vumbi,
na miguu. Njuga za chuma zinauma vifundo,
sabuni yake iko puani, na moshi.
Waimbaji wakawaita Mama zetu, wenye usiku, wenye ndege,
walioshika tumbo la mji, lizae au likauke:
tumewaletea mchezo, msikasirike.
Miaka yote niliitikia hayo kama mtu anayelipa kodi.
Siku ile nilicheza nimevaa sanduku lake zima,
na kila nilipogeuka
mgongo uliotikisika haukuwa wangu.

Kisha nikaiona miguu yake.
Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha.
Nikapiga magoti mahali ambapo ngoma haikuniambia.
Cherehani ikagusa vumbi.
Watu wakacheka, wakidhani nimejikwaa.
Miguu haikusogea. Haikuondoka pia.

Asubuhi nikavirudisha, vimefuliwa, vimepigwa pasi,
kimoja nimekishona pindo lililokuwa limefumuka.
Akahesabu. Akapitisha kidole kwenye mshono.
"Uzi huu si rangi yake," akasema,
akauacha mlango wazi
akaenda kutafuta uzi.